SOMO: Kushuka SGR Dodoma na kuunganisha basi Nzuguni bila kuachwa

Wakuu, swali la kushuka treni ya SGR (reli mpya ya umeme kutoka Dar) na kuwahi basi kwenye stendi ya Nzuguni nimelijibu mpaka vidole vimechoka. Naliandika mara moja, atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

1. Kata tiketi ya treni mtandaoni au dirishani, jina lilingane na kitambulisho. Nauli ya treni ya kawaida Dar–Dodoma ilipangwa 31,000 huduma ilipoanza 2024. Ya haraka iko juu zaidi.

2. Wahi stesheni. Mizigo inakaguliwa, na treni haimsubiri mtu.

3. Safari ni saa tatu na nusu hadi nne hivi. Tulia.

4. Hapa somani polepole. Stesheni ya SGR na stendi kuu ya mabasi HAZIKO pamoja. Stendi iko Nzuguni, pembeni ya mji upande wa barabara ya Morogoro, jirani na soko la Job Ndugai. Mara ya kwanza nilikata tiketi ya basi la Singida nikiwa bado Dar, nikajiachia dakika arobaini tu kati ya treni na basi. Treni ilifika kwa wakati, sina lawama nayo. Lakini kushuka na mabegi mawili na mtoto, kutoka nje, kupatana na bajaji, kufika Nzuguni na kulitafuta gari lenyewe, dakika arobaini ziliyeyuka. Basi lilikuwa limeshaondoka na nauli ikapotea. Kwa haraka nikampa hela mpiga debe aliyeniambia gari "linatoka sasa hivi". Lilikaa mpaka lilipojaa, na giza likatukuta njiani, mtoto analia njaa.

Kwa hiyo: jipe saa mbili, ukiwa na watoto au mzigo mkubwa jipe tatu. Patana bei na bajaji KABLA ya kupakia begi. Usimpe hela mtu aliyekufuata nje ya geti. Lipa dirishani, upewe tiketi yenye jina lako, namba ya gari na muda wa kuondoka, kisha uhakikishe namba hiyo ndiyo iliyo kwenye gari.

5. Kula kabla ya kupanda.

MASWALI

Kibajaji77: Stendi iko wapi mkuu?
Hatua ya 4.

Kibajaji77: Sawa, ila nauli ya treni?
Hatua ya 1. Ndugu yangu, soma kwanza.

MtuWaManyoni: Saa tatu ni kupotezeana muda. Mimi huwa naunganisha kwa nusu saa.
Hongera kama una begi la mgongoni na unaijua stendi. Somo hili nimemwandikia mama mwenye mtoto mgongoni na ndoo mkononi. Siku akiachwa, nauli ya pili hutamlipia wewe.

Binti_Kondoa: Samahani kaka, naenda Babati. Nipitie Singida au Kondoa? Halafu naomba kujua, kwa nini hawakuitengeneza tu ile reli ya zamani?
Pitia Kondoa dada, ni lami na ni karibu zaidi. Magari ya Arusha yanayopita njia hiyo yanakushusha Babati. Kuhusu reli: ile ya zamani Wajerumani waliianza Dar 1905, ikafika Dodoma 1910 na Kigoma 1914. Upana kati ya vyuma vyake viwili ni milimita 1,000, hii mpya ni 1,435, inatumia umeme na imejengwa kwa mwendo wa kilomita 160 kwa saa. Kona za zamani haziwezi kubeba mwendo huo. Tena kipande cha Kilosa hadi Gulwe kinafuata bonde la Mkondoa, na mafuriko yameibeba reli pale mara nyingi. Ukifika Kilosa usilale, utapita kwenye mahandaki milimani. Mwanangu huyahesabu kwa sauti.

Binti_Kondoa: Ubarikiwe. Zabibu ninunue wapi nimpelekee bibi?
Ukiwa na muda, ingia soko la Job Ndugai hapo jirani na stendi. Huku zinavunwa mara mbili kwa mwaka, nje ya msimu bei hupanda. Chagua zenye kikonyo kibichi, na uzibebe kwenye boksi, mfuko wa plastiki utazichemsha kabla hujafika Kondoa.

MtuWaManyoni: Hapo kwenye boksi nakuunga mkono. Weka na gazeti chini, linanyonya maji.
Asante, hiyo nilikuwa siijui.