Kupunguza kitambi bila kuishiwa nguvu kazini: mwongozo kwa mafundi na vibarua wa ujenzi

Katika kazi yangu ya ushauri wa lishe kwa watu wa saiti za Dar es Salaam, swali ninaloulizwa zaidi ni hili: inakuwaje mtu ashinde juani na matofali tangu asubuhi hadi jioni, na bado kitambi kisipungue? Sababu ya kwanza ni kwamba kazi ya ujenzi haina uzito mmoja. Saidia fundi anayepandisha zege kwa ndoo hadi ghorofa ya tatu hutumia nguvu nyingi mno, fundi anayepanga matofali anayoletewa jukwaani hutumia kiasi cha kati, na msimamizi anayezunguka na ramani hapishani sana na karani wa ofisini. Mtu hupanda ngazi hizo kwa miaka mingi, lakini sahani yake hubaki ileile ya enzi za ndoo. Sababu ya pili ni kwamba mafuta mengi mwilini hayatokani na ugali wa mchana, ambao kazi huutumia, bali na sukari ya kunywa, mafuta ya kukaangia na mlo wa usiku unaoliwa kwa kulipiza njaa ya kutwa. Ndipo hatua zifuatazo zinapoelekea; chakula cha saa za kazi tutakilinda.

Onyo moja kabla ya kuanza: anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari kama glibenklamaidi asipunguze chakula kabla ya kuonana na daktari wake, kwa sababu sukari inaweza kushuka ghafla akiwa juu ya jukwaa.

Hatua ya 1: Pima kiuno

Mizani humdanganya mtu wa kazi ngumu, kwani siku ya kumwaga zege jasho peke yake linaweza kuondoa kilo moja au mbili ambazo hurudi pindi unapokunywa maji. Pima kiuno asubuhi kabla ya kula, mara moja kwa wiki. Futi ya chuma haikunjiki vizuri mwilini, kwa hiyo zungusha uzi usawa wa kitovu, pumua nje kwa kawaida bila kuvuta tumbo, shika alama kwa vidole, kisha ulaze uzi huo juu ya futi. Kiuno kinatakiwa kisifike nusu ya urefu wako; mwenye sentimita 170 awe chini ya 85. Uzito nao uandike, ila upimwe asubuhi hiyohiyo.

Hatua ya 2: Andika siku saba

Kwa wiki moja usibadilishe chochote. Andika kazi uliyofanya kila siku (zege, kuchimba msingi, lipu, kusimamia, au hukupata kazi), kisha kila kilichoingia kinywani, pamoja na idadi ya vijiko vya sukari kwenye chai. Wengi huruka hatua hii, na ndio haohao wanaorudi wakilalamika kwamba hawali kitu.

Hatua ya 3: Piga hesabu

Chukua uzito wako kwa kilo uzidishe kwa 10. Ongeza urefu kwa sentimita uliozidishwa kwa 6.25, toa umri uliozidishwa kwa 5, kisha mwanamume aongeze 5 na mwanamke atoe 161. Jibu ni makadirio ya kilokalori ambazo mwili hutumia kwa siku ukiwa umelala tu. Zidisha jibu hilo kwa 2 kwa siku ya kazi nzito, kwa 1.7 au 1.8 kwa siku ya kazi ya kati, na kwa 1.5 kwa siku ya mapumziko au ya kusimamia.

Kwa mfano, mwanamume wa miaka 35 mwenye kilo 85 na sentimita 170 hupata takriban 1,740. Siku ya zege atahitaji karibu kilokalori 3,480, na siku ya kukaa nyumbani 2,610. Tofauti ni kama 870, sawa na zaidi ya mlo mzima. Kutoka kwenye kila hesabu toa 400 hadi 500, basi. Mwendo huo hupunguza takriban nusu kilo kwa wiki, na kwa mtu anayebeba mifuko ya saruji ya kilo 50 sishauri kwenda kasi zaidi ya hapo, kwa sababu misuli huanza kuliwa pamoja na mafuta.

Hatua ya 4: Anza na vya kunywa

Hapa ndipo penye faida kubwa kwa maumivu madogo. Chai nne kwa siku zenye vijiko vitatu vya sukari kila moja ni vijiko 12, yaani zaidi ya kilokalori 200. Soda ya kawaida ya mililita 350 hubeba karibu 150, na mbili ni 300. Jumla ni 500, na pengo lote tulilolitafuta limepatikana kabla hujagusa tonge. Shusha sukari ya chai kijiko kimoja kila wiki hadi ulimi uzoee. Vinywaji vya kuongeza nguvu vilivyojaa saiti siku hizi navyo vina sukari, na kafeini yake ikinywewa jioni huharibu usingizi. Aliyelala vibaya huamka na njaa isiyoisha.

Mahali pa soda paingie maji: kikombe kimoja kila baada ya dakika 15 hadi 20 unapofanya kazi kwenye joto, hata kama kiu haijakushika. Chumvi iliyomo kwenye mboga na mchuzi kwa kawaida inatosha kurudisha iliyotoka na jasho, ilimradi unakula milo yako.

Hatua ya 5: Usipande jukwaani na njaa

Kuruka chakula cha asubuhi ili kupungua ni hatari kwa mtu wa kazi za juu, na huzaa sinia la usiku. Chapati moja ya mafuta inaweza kukaribia kilokalori 300, hivyo badala ya tatu na chai tamu, kula moja na mayai mawili ya kuchemsha, au mihogo ya kuchemsha na kikombe cha maharage. Uji wa dona wenye karanga zilizosagwa nao unafaa sana.

Hatua ya 6: Zungumza na mama lishe

Mlo wa mchana usiukate. Ugali uliotokana na gramu 200 za unga hutoa takriban kilokalori 700, na siku ya kazi nzito kiasi hicho kina mahali pa kwenda. Angalia kinachoandamana nao. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kilokalori 120, na mchuzi unaoelea mafuta unaweza kubeba vijiko vitatu bila mlaji kujua. Mwambie tu: «Mama, niwekee maharage mengi, mafuta ya juu ya mchuzi usinitilie.» Akizoea hutahitaji kusema tena.

Protini ndiyo inayolinda misuli wakati mafuta yanapungua. Lenga gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya uzito; mtu wetu wa kilo 85 anahitaji angalau gramu 100. Hesabu hiyo haihitaji nyama kila siku: yai moja lina kama gramu 6, kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 15, na kwa dagaa wakavu protini ni zaidi ya nusu ya uzito wao. Kwa bei, hakuna kinachowashinda dagaa, mradi wasizamishwe kwenye mafuta.

Hatua ya 7: Usiku, geuza sahani

Mboga za majani na protini zichukue sehemu kubwa, wanga robo ya sahani. Chipsi mayai ibaki ya nadra. Bia ya mililita 500 ina takriban kilokalori 200, nayo huvuta nyama choma. Mwezi wa Ramadhani, kwa anayefunga huku akifanya kazi nzito, lengo liwe kutoongezeka tu. Futari ya vitu vya kukaanga ndiyo ya kuiangalia.

Hatua ya 8: Siku isiyo na kazi

Kibarua hukosa kazi siku kadhaa kwa mwezi, na siku hizo ndizo zinazofuta juhudi za wiki. Punguza wanga wa mchana kwa nusu, acha protini na mboga vilevile.

Hatua ya 9: Kagua kila wiki nne

Kiuno kikipungua, endelea. Kisipopungua, toa kilokalori 200 nyingine, zaidi kutoka mlo wa usiku. Ukianza kuhisi kizunguzungu, kushindwa kukaza mkono kwenye karai au uchovu usioondoka hata baada ya kulala, rudisha kiasi hichohicho kwenye chakula cha asubuhi. Na siku utakapopewa usimamizi, rudia hatua ya 3 wiki hiyohiyo, ukizidisha kwa 1.5.