Kupanga presha ya mafuta kwenye injini ya turbo iliyoongezewa nguvu

Reguleta ya mafuta yenye skrubu, yaani kidhibiti cha presha ya petroli, ni kifaa kidogo kinachobebeshwa kazi zisizo zake. Mmoja anaikaza ili gari "ipate mafuta", mwingine anailegeza kwa sababu plagi zinatoka nyeusi. Kiasi cha mafuta hupangwa na kontroboksi, kompyuta ya injini, kwa kuamua nozeli inayopuliza petroli ikae wazi muda gani. Reguleta inatakiwa tu kuhakikisha kwamba kila nozeli inapofunguka inakuta msukumo uleule nyuma yake, gari iwe imesimama au turbo inasukuma kwa nguvu zote. Kwa hiyo presha hupangwa mara moja, nati inakazwa, kisha kinachobaki ni kupima kama inashikilia.

Mfano wetu ni 1JZ-GTE ya Toyota, injini ya Chaser na Mark II za turbo, iliyotolewa nozeli zake za 380 cc (kwa dakika) na kuwekwa za 550 cc, pampu kubwa na reguleta ya kurekebisha. Utaratibu ni huohuo kwa injini yoyote yenye paipu ya kurudisha mafuta kwenye tangi. Usiutumie kwenye 1NZ-FE ya kawaida, injini nyingine ya Toyota, ambayo reguleta yake imo ndani ya tangi na haina paipu ya kurudi, wala kwenye injini za D-4. Hizo za D-4 humwaga petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha ya makumi ya bar. Ukilegeza paipu yake bila kujua unachofanya, petroli inaweza kupenya kwenye ngozi.

Hesabu kabla ya spana

Nozeli nyingi hupimwa na watengenezaji kwenye bar 3, sawa na psi 43.5. Ukipandisha presha, mafuta hayapandi kwa kiwango hichohicho. Hupanda kwa kipeuo cha pili cha uwiano wa presha. Nozeli ya 550 cc kwenye psi 43.5 inakuwa kama 590 cc kwenye psi 50, na 635 cc kwenye psi 58. Ukitaka mafuta zaidi kwa asilimia 20 lazima ufike karibu psi 63. Weka na busti (presha ya hewa inayosukumwa na turbo) ya bar 1 juu yake, pampu inapambana na psi 77, na pampu yoyote hutoa mafuta machache kadiri presha inavyopanda. Ndiyo maana kukaza reguleta ili kufidia nozeli ndogo ni njia fupi ya kukosa mafuta pale unapoyahitaji zaidi.

Angalia pia kama pampu inatosha. Nozeli sita za 550 cc ni cc 3,300 kwa dakika. Nozeli zikikaa wazi asilimia 85 ya muda, kiwango ambacho si vizuri kukivuka, unapata kama cc 2,800, yaani lita 168 kwa saa. Pampu itoe kiasi hicho ikiwa kwenye psi 58 (43.5 na busti ya bar 1), siyo ikiwa inamwaga kwenye ndoo.

Kufunga geji na mipira

Toa presha kwanza. Chomoa fyuzi au rilei ya pampu, washa injini mpaka izime yenyewe, piga stata tena sekunde chache, kisha ondoa waya wa hasi wa betri. Fanyia kazi nje au penye hewa, injini ikiwa imepoa, na kizima moto cha unga kiwe karibu na mkono.

Mafuta yapite hivi: filta, reli ya nozeli, reguleta, kisha tangi. Geji ifungwe kwenye tundu la reguleta au kwenye reli, kabla ya mafuta kuvuka reguleta. Upande wa kurudi haikuambii kitu. Kwenye nyuzi tumia gundi inayovumilia petroli. Tepu nyeupe ya fundi bomba hukatika vipande, na kipande kimoja kinatosha kuziba nozeli. Mpira uwe wa injini za nozeli, umeandikwa 30R9. Wa ndani ya tangi ni 30R10, kwa sababu ule wa kwanza haukutengenezwa kuloa petroli kwa nje. Mpira wa kabureta utapasuka, ni suala la muda tu.

Mpira mdogo wa vakyumu wa reguleta utoke moja kwa moja kwenye manifoldi, njia ya hewa ya kuingia kwenye injini, usishirikiane na geji ya busti wala vali ya kupumulia turbo. Ufunge ncha zote mbili kwa klipu. Ukichomoka gari ikiwa kwenye busti, reguleta haitajua kuna busti na nozeli zitapoteza msukumo palepale.

Ukitaka kusoma presha ukiwa ndani ya gari, tumia sensa ya umeme. Petroli haipitishwi ndani ya kabini kwa mpira wa aina yoyote.

Kupanga presha ya msingi

1. Rudisha betri na fyuzi, fungua swichi bila kupiga stata, acha pampu ijaze paipu, kisha kagua kila kiungo kwa tochi na kitambaa kikavu. Unyevu mdogo tu ni sababu ya kusimama.
2. Washa injini, iache ipate moto na ikae sailensi, yaani izunguke bila kukanyagwa mafuta.
3. Chomoa mpira wa vakyumu kwenye reguleta na uzibe ncha inayotoka kwenye manifoldi. Chuchu ya reguleta, pale mpira ulipochomolewa, iache wazi.
4. Legeza nati ya kufungia, zungusha skrubu kwa spana ya L robo mzunguko kwa wakati mmoja. Kwa reguleta nyingi, kulia ni kupandisha. Subiri sindano itulie.
5. Simama kwenye psi 43.5, au kwenye namba iliyowekwa ndani ya kontroboksi. Presha ya geji na namba ya kontroboksi lazima zifanane.
6. Kaza nati huku umeshika skrubu isizunguke, kisha soma tena. Nati mara nyingi hubeba psi 1 au 2.
7. Rudisha mpira wa vakyumu. Presha ishuke.

Geji zenye glisarini zina tabia yao: zikipata joto la injini, presha ndani ya kioo huongezeka na namba husomeka chini kuliko hali halisi. Fungua kizibo kidogo cha juu ya geji ipumue, la sivyo utakaza skrubu kufuata uongo.

Mpira ukirudi, presha hushuka kiasi gani? Hapa mafundi hubishana bure. Vakyumu ya inchi 2 za zebaki ni karibu psi 1. Injini ikiwa sailensi, tuseme manifoldi ina kPa 40. Mombasa au Dar, hewa ya nje ni kama kPa 101, tofauti ni kPa 61, na presha itashuka karibu psi 9, hadi 34 au 35. Nairobi, mita takriban 1,800 juu ya bahari, hewa ya nje ni kama kPa 82. Gari hiyohiyo itashuka psi 6 tu na kusimama karibu 37. Hakuna kilichoharibika. Presha ya msingi, mpira ukiwa umechomolewa, ni 43.5 kotekote, kwa hiyo usihukumu kwa namba ya mpira ukiwa umefungwa.

Kuijaribu bila kwenda barabarani

Zima injini. Endesha pampu kwa kuunganisha +B na FP kwenye kisanduku cha uchunguzi cha Toyota, swichi ikiwa imewashwa bila kupiga stata. Chomeka pampu ya baiskeli yenye geji kwenye chuchu ya reguleta, ujaze hewa taratibu. Kwa kila psi 1 ya hewa, mafuta yapande psi 1: hewa 7, mafuta 50.5, hewa 14.5, mafuta 58. Ikiwa hewa inavuja polepole, dayaframu (utando wa ndani ya reguleta) imechanika.

Ukiwa hapo, ingiza paipu ya kurudi kwenye dumu la petroli, hewa ikiwa 14.5, uhesabu sekunde 30. Kwa mfano wetu unahitaji zaidi ya lita 1.4, na heri ikaribie 2. Nozeli zimefungwa, hivyo kila tone linalotoka pampu linapita hapo.

Baada ya hapo ndipo uende kwenye dyno, mashine ya kupimia nguvu ya gari, ukiwa na sensa ya waidibendi kwenye egzosi ya kuonyesha uwiano wa hewa na mafuta. Chukua presha ya mafuta, toa busti: jibu likae 43.5 mpaka juu ya mizunguko. Likianza kushuka, ondoa mguu. Presha ikiporomoka kwenye busti injini hukosa mafuta, joto hupanda, na pistoni hutoboka kabla mwenye gari hajasikia mlio wowote.

Ikigoma

Presha haishuki chini ya 50 hata skrubu ikiwa imelegezwa yote: paipu ya kurudi ni nyembamba kwa pampu hiyo, au imekunjwa. Chomoa paipu ya kurudi, elekeza reguleta kwenye dumu. Presha ikishuka, umepata jibu. Kubadilisha reguleta hakutasaidia.

Presha ni nzuri sailensi lakini inakata ukikanyaga: anza na umeme, siyo pampu. Pima volti kwenye plagi ya pampu injini ikifanya kazi. Chini ya 13 kwenye mzigo ni dalili ya waya mwembamba au hasi mbovu. Vuta waya mpya wa mm² 4 kutoka betri kupitia rilei na fyuzi ya ampea 20 karibu na betri, lakini rilei iendelee kuamrishwa na waya wa zamani wa pampu ili pampu izime injini ikizima. Kumbuka baadhi ya Toyota za turbo hupunguza volti ya pampu makusudi gari ikiwa sailensi. Volti 9 hapo si ugonjwa. Umeme ukiwa safi, badilisha filta, kisha kagua mpira mfupi ndani ya tangi, ambao ukipasuka unarudisha mafuta humohumo.

Presha inaanguka mara tu ukizima injini: vali ya pampu, nozeli inayodondosha, au kiti cha reguleta. Bana mpira wa kurudi mara tu pampu inapozima. Ikishikilia, tatizo ni reguleta. Usiubane pampu ikiwa inafanya kazi, mpira utapasuka.

Petroli ndani ya mpira wa vakyumu: dayaframu imekufa, injini inakunywa petroli isiyopimwa kupitia manifoldi. Gari hiyo isiwashwe mpaka reguleta ibadilishwe.