Matembezi ya Kutazama Ndege Mashambani Masika Yanapoanza

Mvua za masika zikishapiga mara mbili tatu, mashamba na vichaka vya Kenya na kaskazini mwa Tanzania huwa kama nyumba yenye wageni wanaofunga mizigo huku wenyeji wakijipamba kwa harusi. Ndege waliokimbia baridi ya Ulaya na Asia wanaanza safari ya kurudi. Wenyeji nao wanabadilisha manyoya, wanaimba na kujenga viota. Hali hiyo huanza katikati ya Machi na kuisha mwishoni mwa Aprili hivi. Baada ya hapo nyasi zinakuwa ndefu, mahindi yanafunika shamba, na ndege uliyekuwa unamwona hatua ishirini mbele yako sasa unamsikia tu. Kusini mwa Tanzania, ambako mvua ni za msimu mmoja na huanza Novemba au Desemba, ujenzi wa viota huanza mapema zaidi, wageni wakiwa bado hawajafikiria kuondoka.

Kwa kuwa mambo hubadilika wiki hadi wiki, njia moja fupi ukiipita mara nne itakufundisha mengi kuliko njia nne ndefu ulizopita mara moja moja. Maelezo yote ya hapa yamejengwa juu ya hilo.

Njia yenyewe

Kilomita mbili hadi tatu zinatosha. Mtazamaji ndege mzuri huenda kama kilomita moja kwa saa, na penye mti uliochanua hata hiyo hafikishi. Tafuta njia ya kuzunguka inayokurudisha ulipoanzia, na ipitie sehemu ambazo mazingira mawili yanakutana: shamba na kichaka, kichaka na bwawa, malisho na mstari wa miti mikubwa. Katikati ya shamba lililolimwa hamna wengi, ila kingo zake zina kila kitu, yaani wadudu, mbegu, maficho na vitagaa vya kutua.

Anza kwa kuelekea magharibi ili jua la asubuhi liwe mgongoni. Ukiangalia upande wa jua, kila ndege ni kivuli cheusi, na mabishano mengi kuhusu rangi ya ndege fulani chanzo chake ni hicho tu.

Kabla ya siku yenyewe, pita njia hiyo peke yako mchana mmoja. Angalia kijito kinavukika wapi, mbwa wakali wako boma gani, na udongo ni wa aina gani. Udongo mweusi wa mfinyanzi ukilowa hushika viatu hadi kila mguu unakuwa na uzito wa jiwe, na kundi lenye watoto au wazee halitafika mbali. Omba ruhusa ya kila mwenye shamba, na mwarifu mwenyekiti wa kitongoji au, kwa Kenya, chifu au mzee wa mtaa. Huu ni msimu wa kupanda. Ukikanyaga tuta lililopandwa jana umeharibu mbegu za mtu, na mwaka ujao hutakaribishwa. Tembeeni kwenye mipaka, mmoja nyuma ya mwenzake.

Jambo jingine ambalo watu hulisahau ni kwamba mtu mwenye darubini shingoni huzua maswali. Karibu na kambi za jeshi, viwanja vya ndege, mabwawa ya umeme na mipakani, itieni mkobani kabisa. Msibishane na askari kuhusu uzuri wa mwewe.

Saa na hali ya hewa

Jua huchomoza karibu saa 12 na nusu asubuhi. Fikeni kabla, muwe mmesimama kimya wakati mwanga unaingia, kwa sababu nusu saa hiyo ya kwanza ndiyo yenye sauti nyingi. Saa 3 na nusu joto likipanda, ndege wadogo hunyamaza na wale wakubwa wanaopaa kwa hewa ya moto huanza kuonekana juu. Malizeni saa 4.

Mvua ikinyesha usiku, msiahirishe. Asubuhi baada ya mvua ndiyo yenye kumbikumbi, na kumbikumbi wakitoka ardhini, acha njia na usimame hapo hapo. Mbayuwayu, teleka, keremkerem, mwewe na hata kunguru hukusanyika kwenye chanzo kimoja, na kwa dakika ishirini wanasahau kuwa upo. Mvua ikianza mkiwa njiani, jikingeni, ila si chini ya mti uliosimama peke yake uwanjani, maana radi huupenda. Mara nyingi ndege hutokea tena mvua ikikatika, wakikaa juu ya vichaka kukausha manyoya, na hapo hukaa wazi kuliko kawaida. Kijito kilichofurika kisivukwe, hata kama jana kilikuwa cha kifundo cha mguu. Kama kuna viboko au mamba katika maji ya eneo hilo, njia isikaribie ukingo kabla ya jua kuwa juu.

Darubini: kuirekebisha kabla ya kumlaumu ndege

Kwa mashambani chukua yenye alama 8x42. Namba ya kwanza ni mara inazokuza, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Gawanya ya pili kwa ya kwanza upate upana wa mwanga unaofika jichoni: 42 kwa 8 ni 5.25, wakati 10x42 inakupa 4.2 tu. Ile ya 10 inakuza zaidi, ndiyo, lakini inakuza pia mtetemo wa mikono yako na inaonyesha eneo dogo, kwa hiyo ndege anayerukaruka vichakani utamkosa. Usidanganywe na zile zinazojigamba kukuza mara 30 au 50 kwa bei ya kutupa.

Watu wengi wanaosema darubini yao ni mbovu hawajawahi kuirekebisha. Kwanza ikunje au ikunjue hadi uone duara moja, si mawili. Ukivaa miwani, vikombe vya mpira vya machoni vishushe, usipovaa, vipandishe. Kisha chagua kitu kisichosogea, kama bango au kisiki, kilicho umbali wa mita 30 hivi. Funga jicho la kulia na uzungushe gurudumu la katikati mpaka la kushoto lione vizuri. Sasa funga la kushoto, na bila kugusa gurudumu hilo, zungusha pete iliyo kwenye kipande cha jicho la kulia mpaka nalo lione vizuri. Kumbuka pete imesimama wapi. Tangu hapo utatumia gurudumu la katikati peke yake.

Kumpata ndege ndani ya darubini ni kazi ya macho. Ukimwona, usimwondolee macho. Inua darubini mpaka iingie kati ya macho yako na yeye. Anayeanza hufanya kinyume: anainama kutazama darubini, anaileta usoni, halafu anatafuta mti wenyewe uko wapi. Jizoeze kwa kunguru nyumbani.

Mbali na darubini, beba daftari dogo na penseli (kalamu ya wino hukataa karatasi yenye unyevu), maji lita moja kwa mtu, mfuko wa plastiki wa kufungia simu, na kitambaa laini. Vaa rangi za majani makavu au udongo, na ingiza suruali ndani ya soksi. Siafu hutembea sana mvua zikianza, na kupe wako kwenye nyasi za malisho.

Kutembea na watu

Watu sita ni wengi vya kutosha. Wakizidi wanane, wa mwisho anasikia habari za ndege aliyekwisha kuruka. Aliye mbele aongoze mwendo, na mmoja abaki nyuma kabisa ili asipotee mtu. Kila mita 150 hivi simameni dakika tano bila kuongea. Dakika ya kwanza hamtaona kitu, ya tatu vichaka vitaanza kusema.

Kuelekezana ndege alipo ni chanzo cha ugomvi. Wazungu huutazama mti kama uso wa saa, na baadhi ya waongozaji wetu wameiga. Kwa Kiswahili mtindo huo unavuruga, kwa kuwa mmoja akisema "saa tatu" anaitazama namba 3 iliyochorwa, na mwingine anatazama namba 9, palipo saa tatu yetu. Tumieni mti wenyewe: "Mgunga wa pili kutoka kushoto, tawi lililokauka, nusu ya urefu wake, upande wa nje." Usinyooshe mkono ghafla.

Viota ni suala zito zaidi. Kaa mita 20 au zaidi, na ndege akianza kupiga kelele za hofu au kubeba chakula mdomoni bila kuingia kiotani, umesogea mno, rudi nyuma. Usipunguze majani ili upate picha. Jua na mwewe watamaliza vifaranga. Usicheze sauti za ndege kwenye simu msimu huu. Dume atakuja, ni kweli, lakini anakuja kupigana na adui asiyekuwepo huku jike na mayai wakibaki bila mlinzi. Penye kinamasi chenye korongo-taji msiingie kabisa, kwani hutaga chini, kati ya matete, na tangu 2012 wamo katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka.

Kumtambua: rangi iwe ya mwisho

Jiulize kwa mpangilio huu. Ana ukubwa gani ukimlinganisha na shomoro, njiwa au kunguru? Mdomo ni mnene wa kuvunja mbegu, mwembamba wa wadudu, au uliopinda wa kunyonya maua kama wa chozi? Mkia je? Anafanya nini, na yuko chini, kichakani au juu ya mti? Baada ya hayo ndipo rangi. Msimu huu rangi hudanganya kuliko wakati mwingine wowote. Dume la kweche, ndege mdogo mla mbegu, ambalo Februari lilifanana na shomoro sasa ni jekundu na jeusi, na wiki ya katikati ana mabaka ya rangi zote mbili na hafanani na picha yoyote.

Kwera wa manjano, wale wasukaji wa viota, ndio mtihani mkuu. Usihangaike na umanjano, wote wanao. Tazama jicho na mgongo wa dume. Kwera wa vijijini, yule wa makundi makubwa kwenye minazi na migunga, ana jicho jekundu na mgongo wenye mabaka meusi. Yule mdogo mwenye kinyago cheusi ana jicho jeupe-krimu na mgongo usio na mabaka hayo. Majike waache kwa sasa, andika "kwera jike" uendelee.

Kundi la viota usilipite haraka. Kiota kipya cha kwera wa vijijini ni cha kijani, na dume huning'inia chini ya mlango akipigapiga mabawa kumwita jike. Kisipokubaliwa, kikakauka na kuwa cha kahawia, yeye mwenyewe hukibomoa na kuanza upya, kwa hiyo vipande vilivyoanguka chini si lazima viwe kazi ya nyani au upepo. Tazama pia pembezoni mwa mti: kekeo mdogo wa kijani inayong'aa kama shaba huvizia hapo ili atage ndani ya viota hivyo. Ndugu yake mwenye kifua chekundu utamsikia zaidi kuliko kumwona. Ana noti tatu zinazoshuka, anazirudia bila kuchoka, na mayai yake huangukia viota vya kurumbiza. Tipitipi naye hulia kama maji yanayomwagika kutoka chupani. Wanaosema anatangaza mvua hawajakosea sana, kwa kuwa hulia zaidi hewa ikiwa na unyevu.

Kuhusu wageni, tazama nyaya. Mbayuwayu wa Ulaya hujipanga hapo, koo jekundu likifuatiwa na mkanda mweusi-buluu kifuani. Mbayuwayu mwenyeji mwenye utosi mwekundu ni mweupe kabisa chini, bila mkanda. Keremkerem wa Ulaya utamsikia kwanza, kama filimbi yenye maji, akiwa juu sana angani. Na mapema Aprili, upande wa pwani na mashariki mwa nchi zote mbili, chole wa Ulaya hupita kwa makundi makubwa: kichwa na kifua ni buluu mpauko, bila zambarau ya kifuani wala manyoya marefu ya mkiani aliyonayo chole mwenyeji tuliyemzoea.

Kuandika

Juu ya ukurasa weka tarehe, mahali, saa ya kuanza na kumaliza, umbali, idadi ya watu na hali ya hewa. Chini yake aina, idadi, na neno moja la tabia: "anajenga", "anaimba", "anapita kaskazini". Kundi kubwa usikisie kwa jumla; hesabu kumi, ona kumi hao wanachukua nafasi gani, kisha pima kundi lote kwa kipimo hicho. Ukisikia tu, andika "sauti". Usiyemjua mwandike hajulikani na umchore, hata vibaya.

Orodha hizi zina kazi nje ya daftari lako. Kenya Bird Map hugawa nchi katika miraba ya takriban kilomita 9 kwa 9 na hutaka angalau saa mbili za kutafuta ndani ya mraba mmoja. Tanzania kuna Tanzania Bird Atlas. Asiyetaka kuanza peke yake ajue kuwa Nairobi kuna matembezi ya Jumatano asubuhi ya Nature Kenya, yaliyoanza 1971.

Rudi njia ile ile kila baada ya siku kumi, saa ile ile. Tarehe ambayo mbayuwayu wa Ulaya ameonekana mara ya mwisho huwezi kuijua siku hiyo yenyewe. Inajulikana baadaye, pale ulipokwenda ukazikuta nyaya tupu. Kwa hiyo asubuhi ambayo hukumwona, usiruke mstari wake. Andika sifuri.