Somo: Kumchora nyuki wa katuni na watoto wa chekechea

Somo hili ni la mzazi au mwalimu mwenye watoto wa miaka minne hadi saba, karatasi zimeshatandazwa na krayoni ya njano imeshaanza kugombewa. Nimemchagua nyuki kwa sababu mwili wake wote ni maduara. Mtoto huweza kuiga duara akiwa na miaka mitatu hivi. Mraba huja baada ya minne, na pembetatu huwashinda wengi mpaka wafike mitano. Ukianza na nyumba au gari, umeanza na kigumu.

Vifaa ni karatasi za A4, krayoni ya njano na nyeusi, na penseli laini ya 2B kama unaipata. HB ni ngumu kidogo, mtoto anaikandamiza mpaka karatasi inachanika. Raba ifiche, maana mtoto akiiona atafuta kuliko atakavyochora. Na kwa joto letu hili la Dar, mpe kila mmoja kipande cha karatasi akilaze chini ya kiganja, la sivyo jasho litapaka penseli picha nzima. Feni igeuzie ukutani.

Kabla hamjaanza: wewe chora kwenye karatasi yako, yeye kwenye yake. Usimshike mkono, wala usimwekee hata mstari mmoja. Mtoto aliyechorewa jicho zuri na mama yake hataki kuchora la pili, anajua halitafanana.

Kichwa. Duara kubwa upande wa kushoto, ukubwa wa mdomo wa kikombe cha chai. Mara ya kwanza waruhusu wazungushe penseli kwenye kikombe chenyewe, kwa sababu wengi huchora kaduara kadogo pembeni, halafu macho hayaenei. Ukipata nafasi wapeleke Oysterbay wakaone picha za Tingatinga. Tangu Edward Saidi Tingatinga alipoanza mwaka 1968 na rangi zake za baiskeli, mnyama wa michoro ile hujaza kibao. Watoto huelewa haraka wakiona kuliko ukiwaambia "chora kubwa" mara kumi.

Macho. Wengi huyaacha mwisho. Mimi nayaweka hapa hapa, kwa sababu mtoto akishaona kitu kinamtazama, hakiachi nusu. Maduara mawili makubwa yanayogusana, chini ya nusu ya kichwa. Macho yakishuka mdudu anaonekana mtoto. Yakipanda anazeeka papo hapo. Ndani weka mboni nyeusi, na kila mboni ibakize kidoa cheupe, vyote upande mmoja. Bila vidoa hivyo nyuki anaonekana amezimia. Mdomo ni mstari uliopinda, basi.

Kifua na tumbo. Duara dogo likigusana na kichwa, kisha yai kubwa lililolala, ncha ikielekea kulia. Wahesabu kwa kidole: kichwa, kifua, tumbo. Mistari ya tumboni ipinde kufuata unene wake, maana ikinyooka tumbo linakuwa bapa. Mitatu inatosha.

Mabawa na miguu. Vyote hutoka kifuani. Hapa hata watu wazima huteleza na kuipanga miguu tumboni. Nyuki ana mabawa manne. Kwa kuwa tunamtazama ubavuni, chora kubwa moja na dogo nyuma yake, mengine yako upande wa pili. Miguu ni sita: mitatu mirefu ya upande wetu, na mitatu mifupi inayochungulia katikati. Miguuni waache wavalishe wanachotaka. Kwangu nyuki karibu wote huvaa ndala.

Malizia na antena mbili kichwani na mwiba kwenye ncha ya yai. Kisha rangi: njano kwanza, nyeusi baadaye. Ukigeuza, njano itaburuta nyeusi na tumbo litakuwa la tope.

Maswali ya wanachama

*Mzazi, Tabata:* Shikamoo mwalimu. Wa kwangu anatumia mkono wa kushoto, bibi yake anamkataza. Nifanyeje?

Marahaba mwanangu. Mwache na mkono wake. Mgeuzie nyuki tu, kichwa kiwe kulia, achore kuelekea kushoto, ili mkono usipite juu ya alichokwisha kuchora. Bibi usibishane naye; mwombe akae amtazame mjukuu akichora, na umwambie bibi kwamba mtoto akila atakula kwa mkono wa kulia kama bibi anavyotaka. Hapo hasira nyingi huisha.

*Mwalimu wa awali, Temeke:* Nina watoto zaidi ya arobaini na karatasi hazitoshi.

Watoe nje wachore kwa kijiti mchangani, au kwa chaki kwenye sakafu ya saruji. Tena mchangani huchora kubwa bila kuambiwa. Karatasi watunzie kwa mchoro wa mwisho.

*Baba wa mapacha, Kigamboni:* Kwenye katuni za televisheni nyuki ana mikono miwili na miguu miwili. Wanangu wananiambia wewe ndiye umekosea!

Waambie katuni inaruhusiwa kupunguza, mchoraji akitaka mdudu ashike kikombe. Ila wa kwetu abaki na sita, kwani wakishazoea sita wataona wenyewe kwamba buibui mwenye minane si mdudu wa kundi hili. Hayo watakutana nayo tena kwenye sayansi.

*Dada, Mbezi:* Mdogo wangu ana miaka miwili na nusu, anavuruga tu karatasi.

Mwache avuruge. Ndivyo mkono unavyojifunza kuzunguka. Mkimaliza, tafuta kwenye vurugu hiyo duara lolote, mwambie aliwekee macho.

*Mzazi, Tabata:* Tukimaliza nyuki tuende kwa nani?

Siafu: maduara matatu, miguu sita, hana mabawa. Kipepeo baada yake. Panzi subirini, ile miguu ya nyuma ina kona inayowatoa watoto machozi. Mbu ni rahisi na watamfurahia, chora mwili mwembamba na mdomo mrefu, lakini kumbuka kumpa mabawa mawili tu.