Kabla namba ya gari lako haijaonekana kwenye gari la mtu mwingine

Kila nikitaka kusafiri huwa naingiza namba ya gari langu kwenye mfumo wa faini za trafiki. Siku moja nikakuta deni la shilingi 30,000: mwendo kasi, Singida. Tarehe hiyo gari langu lilikuwa gereji Ilala, injini iko chini. Maana yake kuna gari jingine linatembea na namba yangu. Nilichojifunza ni kwamba mwenye kadi halali ya gari ndiye anayetakiwa kujieleza, na maelezo yasiyo na karatasi hayafiki popote. Karatasi hizo ziandae sasa, gari likiwa halina kesi.

Anza na kadi. Jina lililomo ni lako? Wengi tunanunua gari kwa mtu, tunapewa kadi na mkataba wa mauziano, halafu tunaendesha miaka miwili bila kuhamisha umiliki TRA, mamlaka ya mapato inayosajili magari. Namba zikigongana, anayetambulika kwenye mfumo ni yule aliyekuuzia, na huenda simu yake haipatikani tena. Angalia na rangi. Kama gari lilikuwa la fedha ukalipaka jeusi bila kubadilisha taarifa, wewe ndiye utakayeonekana una gari la magumashi.

Kisha piga picha. Pande zote nne, namba ikisomeka, pamoja na vitu ambavyo gari pacha haliwezi kuwa navyo: bampa iliyobonyea kulia, namba ulizochoresha kwenye vioo na taa. Usisahau namba ya chasisi ilivyogongwa kwenye bodi. Hiyo ndiyo inayotenganisha magari mawili, kwa sababu pleti ni bati tu, mtu yeyote mwenye bisibisi anaweza kuifunga.

Kuhusu risiti na barua za kuonyesha gari lilikuwa wapi, nisikilize vizuri. Fundi wangu aliniandikia barua safi kabisa kwamba gari lilikuwa kwake, akagonga na muhuri. Ofisa niliyempelekea aliisoma, akaigeuza nyuma, akauliza, "Tarehe iko wapi?" Haikuwepo. Nikarudi Ilala kwa daladala, nusu siku imekwenda. Kwa hiyo kila gari linapoingia gereji, dai maandishi yenye tarehe ya kuingia na ya kutoka. Risiti za mafuta za EFD, ile mashine ya kodi, zina tarehe na saa, lakini wino wake unafifia baada ya muda, zipige picha siku hiyo hiyo.

Pleti ikidondoka, usikimbilie kuchongesha nyingine. Baada ya mvua kubwa Dar nimeona pleti zilizong'olewa na maji zimeegemezwa ukutani kando ya barabara, anayetaka anaokota. Ripoti upotevu polisi kwanza, ili siku pleti yako ikionekana kwenye gari la mtu uwe na karatasi inayoonyesha uliipoteza lini.

Madeni yakague walau mara moja kwa mwezi, ya trafiki na ya maegesho ya TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, pia. Usiishie kwenye kiasi. Soma mahali, saa na aina ya kosa. Gari binafsi lenye pleti ya njano likidaiwa kuzidisha abiria, hapo kuna jambo. Na tafadhali usilipe haraka ili yaishe. Najua 30,000 inauma kidogo kuliko kuzunguka maofisini, ila ukishalipa umefanya kosa hilo lionekane ni lako, na mwenzako bado yuko barabarani. Akigonga mtu akakimbia, watakaopigiwa hodi ni nyumbani kwako.

Ukigundua tu, nenda kituoni ukafungue jalada, upewe RB, yaani namba ya taarifa yako polisi. Nakala moja ikae kwenye gari, kwa sababu trafiki atakayekusimamisha Chalinze hana habari na ulichoandikisha Dar. Mwambie na wakala wako wa bima.

Mwisho utaitwa kwenye ukaguzi. Nenda na kadi halisi, na chasisi uisafishe mapema. Yangu ilikuwa imefunikwa na grisi na vumbi, nikaisugua kwa mswaki wa zamani na petroli kidogo mpaka tarakimu zikatoka. Mkaguzi aliinama na tochi akazitaja moja moja, mwenzake akizifuata kwenye kadi kwa ncha ya kalamu.