Kupiga picha kampasi nzima: mambo ninayoyapanga kabla ya kufika getini

Mara ya kwanza nilipokusanya watu wa kujitolea kwenda kupiga picha chuo kikuu, tulirudi na picha 900 na ushei. Furaha yangu iliisha usiku, nilipozifungua kwenye kompyuta. Chuo kile kina majengo matano ya ghorofa nne, yote meupe, yote yana paa la buluu, yanafanana kama watoto wa tumbo moja. Lipi la sheria, lipi la biashara? Hakuna aliyekumbuka. Tuliishia kufuta sehemu kubwa ya kazi ya siku nzima.

Tangu siku hiyo nawapanga watu wawili wawili. Mmoja anashika kamera, mwenzake anashika daftari, naye tunamwita karani. Msimuone karani kama msindikizaji. Yeye ndiye anayeifanya picha iwe na maana kesho. Tena inasaidia kwa wale wanaosema "mimi sina kamera". Njoo na kalamu. Jozi sita zinatosha kwa kampasi ya kawaida. Zikizidi hapo mnaanza kuonekana kama maandamano.

Sheria yetu ya kwanza ni kibao kwanza, jengo baadaye. Ukifika mbele ya jengo, picha ya kwanza ni ya kibao chenye jina lake, au jiwe la msingi, hata kama limefifia. Ndipo ulipige jengo lenyewe. Usiku ukipitia picha, kila kibao kinakuwa kama ukurasa wa mbele: zote zinazofuata ni za jengo hilo mpaka utakapokutana na kibao kingine. Jengo lisilo na kibao, karani aandike jina kwenye karatasi kwa maandishi makubwa, ainyanyue, ipigwe picha. Kabla ya kutawanyika, kila mwenye kamera apige picha saa ya simu yangu inayoonyesha mpaka sekunde. Kamera nyingi saa zake zimepotea, na nimewahi kuona moja iliyokuwa nyuma kwa miaka miwili. Ukiwa na picha ile unajua pa kusahihisha.

Nimekimbilia siku yenyewe, lakini kazi inaanza mwezi mmoja kabla, kwa barua kwenda ofisi ya uhusiano ya chuo. Taja tarehe, saa, idadi ya watu na majengo mnayoyataka. Sema kama mtaingia ndani au mtabaki nje, na kama hamtarusha droni, liseme hilo pia. Halafu eleza picha zitakwenda wapi. Sisi tunazipakia Wikimedia Commons, hifadhi ya mtandaoni ya picha zilizo huru kutumiwa na wote, kwa hiyo naandika wazi kwamba mtu yeyote ataweza kuzitumia, hata kwa biashara, ilimradi amtaje mpigaji na kufuata masharti ya leseni. Wapo waliokataa waliposoma sentensi hiyo. Afadhali wakatae mezani kuliko kulalamika baadaye.

Kibali kikitoka, kichape, kiwe na muhuri, kila jozi ibebe nakala yake. Nilishawahi kukaa getini saa nzima na watu kumi, kibali kiko kwenye simu, mlinzi ananiambia, "Dada, mimi hiyo barua pepe siijui, nionyeshe karatasi." Alikuwa na haki yake. Siku hizi napita getini siku moja kabla, namsalimia mzee wa zamu, namwachia nakala na kumuuliza nani atakuwepo kesho asubuhi.

Kibali cha chuo hakimalizi suala la hakimiliki ya mbunifu wa jengo au mchongaji wa sanamu, na hapo kila nchi ina yake. Uingereza, sheria ya 1988 inaruhusu kupiga picha majengo na sanamu zilizowekwa kwa kudumu mahali pa wazi kwa umma, lakini michoro ya ukutani haimo. Marekani majengo ni ruksa, sanamu sivyo. Ufaransa ilifungua mlango kidogo mwaka 2016, ila kwa matumizi yasiyo ya kibiashara, na Commons haipokei picha zenye sharti hilo. Soma sheria ya nchi yako kabla ya kuweka ile sanamu ya mwanzilishi kwenye orodha.

Wiki moja kabla, tembea kampasi peke yako ukiwa na ramani, uandike kila jengo linatazama wapi. Linalotazama mashariki lipigwe asubuhi. La magharibi lingoje alasiri. Jumamosi asubuhi naipenda kwa sababu moja tu: hakuna magari yaliyojaa mbele ya milango. Kipindi cha mitihani usiguse.

Kuhusu upigaji wenyewe sina mengi. Rudi nyuma badala ya kuielekeza kamera juu, maana ukiielekeza juu jengo linaonekana linaanguka chali. Piga mbele, piga pembeni pande mbili zionekane, kisha mlango. Msisahau vitu vya kawaida: mbao za matangazo, vituo vya basi, benchi chini ya mti, mgahawa. Hivyo ndivyo hutoweka kwanza, na hakuna anayevipiga. Ila ubao wenye matokeo na majina ya wanafunzi pita nao mbali. Sura za watu, omba ruhusa.

Jioni hiyo hiyo tunakaa pamoja, kila jozi na daftari lake. Usikubali mtu aseme "nitapakia wiki ijayo". Kila mpigaji apakie zake kwa akaunti yake, kwa sababu mwenye haki ya picha ni aliyeipiga, si mimi niliyepanga safari. Jina la faili liwe la kusomeka: jengo, chuo, mwaka. IMG_2047 halimsaidii mtu. Wenye iPhone waweke simu ihifadhi picha kwa JPEG tangu asubuhi, maana Commons haipokei HEIC, aina ya faili ambayo iPhone huhifadhia picha usipoibadilisha, na kubadilisha picha mia mbili usiku wa manane ni adhabu. Tulishaipata.

Nikimaliza naituma orodha ya picha kwa ofisi iliyotupa kibali, na ninabaki na orodha nyingine, ya yaliyokosekana: jengo lililofunikwa kwa jukwaa la mafundi, maktaba ambayo ufunguo haukupatikana, upande wa nyuma wa ukumbi ambao jua lilituacha. Orodha hiyo ndiyo ninayoiambatanisha kwenye barua ya safari inayofuata.