Kabla hujalipia nafasi ya chuo cha udaktari wa mifugo

Msimu wa maombi ukifika, vijana huniuliza swali lilelile: chuo gani ni bora? Nami huwarudishia swali: ukishahitimu, asubuhi unataka kwenda wapi? Zizini, kliniki ya mbwa na paka, machinjioni kukagua nyama, maabara, au ofisi ya serikali? Shahada haitakufungia mlango wowote kati ya hiyo, maana wote hutoka na shahada ileile. Kinachofunga milango ni deni. Nimefanya kazi na madaktari wachanga waliopenda ng'ombe kwa dhati, lakini marejesho ya kila mwezi yakawavuta hadi kliniki za wanyama wa kufugwa ndani, kwa sababu ndiko kulikokuwa na mshahara. Kwa hiyo ninapozungumzia ubora wa chuo, bei iko ndani ya ubora huo.

Anza na leseni. Hapo hakuna mjadala. Ingia kwenye orodha ya baraza linalosajili madaktari wa mifugo katika nchi utakayofanyia kazi, uone kama chuo chako kimo. Usiridhike na maneno ya kijitabu cha chuo, soma orodha ya baraza lenyewe. Kwa anayetaka kufanya kazi Marekani au Kanada, kwa mfano, njia fupi ni kusoma chuo chenye ithibati (kibali cha ubora) ya AVMA, chama cha madaktari wa mifugo cha Marekani, kisha kufanya NAVLE, mtihani wa leseni wa Amerika Kaskazini, na vyuo vyenye ithibati hiyo viko hata nje ya Amerika Kaskazini: Edinburgh na Sydney, kwa mfano. Aliyesoma chuo kisicho na ithibati hajakosa njia, ila atapitia mitihani ya ziada inayokula muda na fedha nyingi. Uliza pia ithibati ni kamili au ya masharti, na ukaguzi ujao ni lini. Chuo kipya mara nyingi hupokea wanafunzi kabla ukaguzi wa mwisho haujakamilika. Hilo si kosa, lakini ni hatari ambayo wewe ndiye utakayeibeba.

Kisha hesabu miaka. Sehemu nyingi za dunia, Uingereza na Afrika Mashariki zikiwemo, unaingia kutoka sekondari na kusoma miaka 5, ingawa Cambridge ni 6. Marekani kozi yenyewe ni miaka 4, lakini wengi huingia wakiwa wameshamaliza shahada ya kwanza, hivyo jumla inakaribia 8. Kila mwaka unaoongezeka unakugharimu mara mbili: ada unayolipa na mshahara ambao ungekuwa unaupokea.

Sasa nije kwenye jambo ninalolipigia kelele kuliko yote: mikono yako itagusa nini, na mara ngapi.

Chukua kupima mimba ya ng'ombe. Unavaa glavu ndefu inayofika begani, unaingiza mkono kwenye puru, unatoa kinyesi, kisha unatafuta mji wa mimba kwa vidole kupitia ukuta wa utumbo. Siku za mwanzo husikii chochote. Ni joto tu, na ng'ombe anaukaba mkono hadi unakufa ganzi. Mwalimu anakuuliza, "Umeshika nini?" nawe hujui. Siku moja vidole vinafahamu ghafla: hii ni shingo ya kizazi, hii ni pembe ya kulia ya kizazi, na hii imejaa maji, yaani kuna mimba. Ufahamu huo hauji kwa kusoma. Sasa fikiria wanafunzi kumi na wawili wamepanga foleni nyuma ya ng'ombe mmoja. Baada ya wachache kupima, ng'ombe anaanza kusukuma, utumbo unavimba, glavu inatoka na damu, na mwalimu mwenye utu anasimamisha zoezi. Waliobaki kwenye foleni wanaandikiwa kwamba wamefundishwa.

Kwa hiyo usiulize kama chuo kina hospitali ya kufundishia. Karibu vyote vitajibu ndiyo. Uliza: mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anafunga uzazi mbwa wangapi akiwa ameshika kisu yeye mwenyewe? Si kusaidia kushika koleo. Awe ni yeye anayelivuta lile kano linaloshikilia ovari hadi lilegee bila kupasua mshipa wa damu. Uliza amezalisha wangapi, amefanya postmotamu ngapi, na zamu za usiku anazifanya na nani. Halafu waulize wanafunzi wa mwaka huo maswali hayohayo, mwalimu akiwa hayupo. Majibu yakitofautiana, yashike ya wanafunzi.

Kuna vyuo visivyo na hospitali kubwa ya kwao, ambavyo huwasambaza wanafunzi katika kliniki na mashamba ya nje. Nottingham cha Uingereza na Calgary cha Kanada vimejengwa kwa mtindo huo. Wengine huudharau, mimi siudharau. Katika hospitali kubwa ya chuo, kesi nyingi zimetumwa na madaktari wengine kwa sababu ni ngumu. Utamwona mbwa mwenye uvimbe wa ubongo kabla hujamwona anayeharisha tu. Kliniki ya kawaida itakuonyesha kazi utakayoikuta Jumatatu yako ya kwanza. Ila mtindo huu una gharama zake: nauli, na chumba cha kupanga karibu na kila kituo, huku chumba chako cha chuoni bado unakilipia. Uliza nani analipa.

Umri wa chuo na jina lake kubwa viweke pembeni. Kile cha Lyon, Ufaransa, kilichoanzishwa na Claude Bourgelat mwaka 1761 kina historia ya kuheshimika, lakini mfugaji ambaye ndama amekwama tumboni mwa ng'ombe wake saa nane usiku hatakuuliza ulisoma wapi. Jina lina uzito kwa anayetaka utafiti au ubingwa, na hata huko barua za walimu waliokuona ukifanya kazi huwa na uzito zaidi.

Tuje kwenye fedha. Mali bila daftari hupotea bila habari, kwa hiyo chukua daftari kweli. Andika ada ya kila mwaka (si ya mwaka wa kwanza pekee, uliza imepandaje miaka iliyopita), malazi, chakula, usafiri na bima. Kisha andika yale ambayo vijitabu huyapitia juu juu: chanjo ya kichaa cha mbwa kabla ya kugusa wanyama, stetoskopu, ovaroli, gambuti za kupasulia na za zizini, vitabu, ada ya mtihani wa leseni na ya usajili. Ongeza likizo. Fani hii hula likizo kwa mafunzo ya vitendo mashambani na kliniki, mengi bila malipo, hivyo usipange bajeti ukitegemea kibarua cha likizo kila mwaka.

Ukikopa, usiangalie kiasi ulichokopa. Angalia utakachorudisha. Tuseme kila mwanzo wa mwaka unakopa 10, kwa fedha yoyote, riba ni asilimia 7 kwa mwaka, nayo inaanza kuhesabiwa siku hiyohiyo. Baada ya miaka 5 umekopa 50, lakini unadaiwa kama 61.5. Ukilipa kwa miaka 10 kwa riba hiyohiyo, utatoa karibu 8.8 kila mwaka, na jumla itakuwa kama 88. Kwa kozi ya miaka 6, deni siku ya kuhitimu ni takriban 76.5. Si mikopo yote inafanya hivi. Mingine haina riba wakati wa masomo, mingine hukatwa kulingana na kipato. Soma mkataba wako, kisha urudie hesabu kwa namba zake.

Weka rejesho hilo kando ya mshahara wa kuanzia wa kazi uliyoitaja mwanzoni, baada ya kodi. Usitumie wastani wa fani nzima, kwa sababu mabingwa huupandisha. Waulize watu wawili watatu waliohitimu karibuni na wanaofanya kazi hiyohiyo. Rejesho likivuka robo ya mshahara, mimi ningetafuta chuo kingine cha bei ndogo chenye ithibati ileile, hata kama mandhari yake hayapendezi. Likivuka theluthi, ningesubiri mwaka mmoja na kuomba tena nikiwa na ufadhili. Hiyo ni mipaka yangu. Mwenye familia inayomlipia ada anaweza kuwa na yake.

Ufadhili nao una masharti. Uliza kama unaendelea hadi mwaka wa mwisho au ni wa kukuvutia tu mwaka wa kwanza, na ukirudia somo unakatwa au la. Kuna unaokutaka utumikie serikali au eneo lisilo na madaktari kwa miaka kadhaa. Kwa anayependa ng'ombe na vijiji huo si mzigo hata kidogo, lakini soma adhabu ya kuvunja mkataba.

Mwisho, amana, yaani malipo ya kushikilia nafasi. Ukipata nafasi vyuo viwili, tarehe za kulipa amana huwa hazioani, na mara nyingi haurudishiwi. Mwandikie msajili barua pepe kuomba nyongeza ya wiki mbili na nakala ya utaratibu wa kurejesha fedha, ukiweka wazi kwamba unasubiri jibu la ufadhili. Mara nyingi hukubali, na hata akikataa, utakuwa na jibu lake kwa maandishi.